Safu ya Nne

Nilitumwa na idara kuhesabu miti.
Fomu ilikuwa na safu nne:
umri, urefu, afya, aina.
Nilidhani wino ungetosha bonde zima
niliposhuka kwenye jipu penye daraja la mbao,
Mto Indus ukivuma chini yangu
kwa rangi ya chai iliyokoroga maziwa.

Yangskit alikuwa juu ya paa
amepiga magoti kati ya aprikoti zilizopasuliwa,
akizigeuza mojamoja
kama mtu ageuzaye kurasa za msahafu mkongwe.
"Panda," akasema, "lakini vua viatu.
Hapa tunatembea juu ya chakula cha Januari."

Mti wa kwanza, ukutani. Nikauliza aina.
"Huo ni Uliomwangusha Tundup."
Tundup yupi?
"Mume wangu. Mguu ulipona. Tawi halikupona."
Wa pili: Mahari ya Dada.
Wa tatu hauna jina,
kwa kuwa haujafanya jambo bado.

Kalamu yangu ikaganda hewani.
Akanihurumia, akanitajia nilivyotaka:
halman, tunda la shavu pana, lisilojua safari,
ulitie kapuni alfajiri, magharibi ni uji;
raktsey karpo, lenye kokwa nyeupe
kama jino la mtoto,
nyama tamu, na mbegu yake tamu;
na khante, kule nyuma ya zizi la mbuzi,
dogo, kaidi, mbegu chungu ya kufisha.

"Khante ing'olewe," nikasema.
Ndivyo waraka ulivyosema. "Soko haliitaki."

Hakujibu.
Akashuka ngazi, akanishika mkono wa shati
kama anavyoshikwa ndama mpotevu,
akanifikisha kwenye ule wa kokwa nyeupe,
akapangusa vumbi shinani, karibu na udongo.
Palikuwa na kovu, pete ya gome lililovimba:
juu yake ngozi laini,
chini yake ngozi ya magamba.
"Huyu wa chini ni nani?"
Nikainama. Nikajua. Nikanyamaza.

"Khante," akasema.
"Baridi ya huku haiwezwi na mizizi iliyodekezwa.
Fukia kokwa nyeupe, uone kitakachoota!
Mbegu ni mtoto asiyemkumbuka mama.
Kinachokumbuka ni kijiti.
Unakikata kingali kimelala,
unambebesha mchungu,
unawafunga kwa kitambaa cha sufu
na kuwaacha wagombane mpaka wazoeane.
Mimi nami niliingia nyumba hii hivyo hivyo."

Kisha, akimimina chai ya chumvi,
akanisimulia ile Aprili theluji iliporudi
kama mgeni aliyesahau fimbo yake.
Halman ilikuwa imechanua yote, kwa pupa;
asubuhi kila ua lilikuwa la kahawia.
Khante ilikuwa bado inasinzia nyuma ya zizi.
Mwaka ule ndiyo peke yake iliyozaa,
wakakamua mafuta ya mbegu zake:
ya taa, ya magoti ya mama mkwe,
ya nywele za Mahari ya Dada
(yule dada, si mti).

Nikaijaza fomu kwenye jipu, barabara ikinitikisa mwandiko.
Umri: ulikuwepo.
Urefu: umeishinda ngazi.
Afya: unatoa utomvu, haulalamiki.
Aina: Uliomwangusha Tundup.

Mkuu wangu aliirudisha
ikiwa na alama nyekundu ya kuuliza.
Sijamjibu.
Mfukoni nina kokwa nyeupe moja
niliyopewa mlangoni
bila kuambiwa ni ya kula au ya kufukia.
Usiku, idara ikiwa imefungwa, huitikisa sikioni.
Kuna kitu ndani kinabisha.